Kikwembe cha Ndani: Tujue Msuli Unaobeba Mama



Posho iliyopita tulimaliza mambo ya chanjo za watoto, na tuliahidi kwamba safari hii tutaongea juu ya mwili wa mama mwenyewe. Tunatimiza. Lakini tuseme ukweli, ukurasa huu ulituletea mabishano. Mmoja wetu alisema jarida hili linasomwa na watoto wa shule, na baba naye analikuta mezani akirudi kazini, sasa tutaandikaje mambo ya chini? Tulibishana hadi chai ikapoa. Kilichotupatanisha ni habari ya mama mmoja wa kikundi chetu, aliyetupa ruhusa tuisimulie bila kutaja jina lake.

Mama huyu amezaa watoto watano. Kazi yake ni kubeba mizigo: unga wa mihogo, makala, ndizi. Anapanda kutoka kando ya ziwa hadi soko la Kadutu, mzigo mgongoni na kamba kwenye paji la uso, namna wamama wengi wa Bukavu wanavyobeba. Mwaka jana aliacha kuja kwenye likelemba. Feza yake ilifika kila mara, binti yake aliileta, lakini mwenyewe hakuonekana. Maneno yakaanza. Ana deni. Amegombana na mweka hazina. Amehamia kikundi kingine. Basi wawili wetu tukaenda kumwona. Alituketisha kwenye viti, yeye akabaki amesimama. Tulipomwomba akae, akaanza kulia.

Tangu kuzaliwa kwa mtoto wa tano, mkojo ulikuwa unamponyoka akikohoa, akicheka, au akiinuka na mzigo. Siku moja aliinuka kwenye benchi la mkutano wetu akaona limelowa, akalipangusa haraka kwa kikwembe kabla mtu hajageuka. Ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho kwetu. Jirani alimwambia amelogwa. Kwenye kituo kimoja cha afya alikokwenda kuuliza, alijibiwa: "Ndiyo uzazi, mama. Zoea."

Neno hilo "zoea" ndilo lililotukasirisha. Mama akiteguka mkono, hakuna anayemwambia azoee. Msuli wa chini nao ni msuli kama wa mkono. Unachoka, unavutika, unachanika, na mara nyingi unaweza kurudishiwa nguvu. Ila huwezi kutunza kitu usichokijua, kwa hiyo tuanze kwa kukijua.

Sisi wanawake tukisema "chini" tunafunga vitu vingi kwenye furushi moja. Tulifungue. Ukianza mbele kwenda nyuma kuna njia tatu. Ya kwanza, ndogo sana, ni ya mkojo. Ya pili, ya katikati, ni uke, njia ya mtoto na ya damu ya mwezi. Ya tatu ni ya haja kubwa. Wengi wetu, hata waliozaa mara sita, tulidhani mkojo na mtoto wanapita mlango mmoja. Si aibu, hakuna aliyetufundisha. Kati ya uke na njia ya haja kubwa kuna nafasi fupi ya nyama, ambayo wakunga wanaiita msamba. Hapo ndipo mama anapochanika akizaa, au anapokatwa.

Sasa weka mkono mbele, chini kabisa ya tumbo. Utagusa mfupa mgumu, huo ni mfupa wa kinena. Kisha weka mkono nyuma, mwisho kabisa wa uti wa mgongo, juu kidogo ya njia ya haja kubwa. Hapo kuna ncha ndogo ya mfupa inayoitwa kifandugu. Ukikaa kwenye jiwe, unasikia mifupa miwili ya makalio, mmoja kila upande. Kati ya mifupa hii minne, mbele, nyuma na pande mbili, mwili umetandika msuli mpana. Haukukazwa bapa kama ngozi ya ngoma. Umebonyea kidogo katikati kama bakuli, au, tuseme kwa lugha yetu, kama kikwembe ulichombebea mtoto: kimezunguka chini ya makalio yake, na ndicho kinachomzuia asiteleze. Juu ya kikwembe hiki cha ndani wamekaa watatu: kibofu cha mkojo mbele, kizazi katikati, utumbo wa mwisho nyuma. Kikwembe kikilegea, hao watatu wanaanza kushuka.

Waganga wanauita levatori ani, jina la Kilatini. Maana yake ni kinachonyanyua njia ya haja kubwa. Waliotoa jina hilo waliona kazi moja tu, na kazi ya kumbeba mama mzima hawakuitaja. Lakini jina limebaki, na likiandikwa kwenye karatasi yako ya hospitali sasa unalijua.

Msuli huu haukufumwa kwa kitambaa kimoja. Kuna vipande vilivyounganika, na kimoja tunakipenda sana kwa sababu kila mama wa Bukavu atakielewa mara moja. Fikiria kamba ya mbebaji: imetoka kwenye paji la uso, imepita nyuma ya mzigo, imerudi kwenye paji upande wa pili. Mzigo umevutwa mbele, hauanguki. Kipande hicho cha msuli, puborektali kwa jina lake, kinafanya vilevile. Ncha zake mbili zimeshikamana na mfupa wa kinena mbele, na tumbo la kamba linapita nyuma ya utumbo wa mwisho. Kikikaza, utumbo unavutwa mbele na kupata kona, kama mpira wa maji uliokunjwa, na haja kubwa inakaa mahali pake. Ukichuchumaa chooni kamba inalegea, kona inanyooka, njia inafunguka. Ndiyo maana kuchuchumaa kunarahisisha, na ndiyo maana mama anayejikamua kila siku kwa sababu ya choo kigumu anauchosha msuli uleule. Maharagwe, mboga, papai na maji ya kutosha si mambo ya tumbo peke yake.

Vipande vingine vinatandikwa kuelekea pande na nyuma, na ndivyo vinavyofanya bakuli. Nyuzi nyingi za msuli huu ni za polepole, zimeumbwa kushikilia siku nzima bila wewe kufikiri, ukisimama, ukilima, ukichota maji. Sehemu ndogo ni nyuzi za haraka, za kuruka ghafla unapokohoa au kupiga chafya. Mama yetu wa Kadutu alikuwa na shida hasa kwa hizi za haraka. Msuli ulikuwa bado unashika akitembea, lakini kikohozi kilipokuja ulichelewa.

Na huu msuli haufanyi kazi peke yake. Juu, chini ya mapafu, kuna msuli mwingine mpana unaoitwa kiwambo. Ukivuta pumzi, kiwambo kinashuka, tumbo linajaa, na msuli wa chini nao unashuka kidogo. Ukitoa pumzi, vyote viwili vinapanda. Mwili mzima ni kama gunia: juu kifuniko, chini sakafu. Ukiinua bidoni ya lita 20, yaani kilo 20, huku umefunga pumzi kifuani, msukumo wote unakosa pa kwenda isipokuwa chini. Tafadhali soma sentensi hiyo tena, kwa sababu kila siku tunafanya hivyo bombani.

Uzazi ndio mtihani mkubwa. Kichwa cha mtoto kinapopita, sehemu ya ndani ya msuli huu inavutika hadi zaidi ya mara tatu ya urefu wake. Msuli wa paja ukivutwa hivyo ungekatika. Huu mara nyingi unarudi, na hilo ni jambo la kushangaza. Lakini si kila mara. Kwa wengine unachanika na kuachia mfupa wa kinena. Kwa wengine mshipa wa fahamu unaoupa amri, unaotoka chini ya mgongo, unavutika au unabanwa na kichwa cha mtoto, na msuli unabaki kama mtumishi asiyesikia anaitwa. Mishipa hiyo mara nyingi inapona yenyewe kwa miezi. Kubeba mimba peke yake pia kunachosha, kwa hiyo aliyezaa kwa kupasuliwa asidhani habari hii haimhusu.

Hapa tuna neno kwa wanaomsindikiza mama materniti. Msimwambie asukume kabla mkunga hajasema njia imefunguka yote. Na mtu akipanda kitandani kumkamua mama tumbo kwa mikono au kwa kiwiko ili mtoto atoke, mnayo haki ya kuuliza. Shirika la Afya Duniani, katika maelekezo yake ya mwaka 2018 juu ya kuzalisha, halishauri kukamua tumbo, wala kumkata kila mama msamba kama desturi. Kukata kuna wakati wake. Si kwa kila anayelala kwenye meza.

Mama mkwe atatuuliza juu ya kufunga tumbo. Tunaheshimu maji ya moto na mikono ya wazee wetu, na mama aliyetoka kuzaa anahitaji kushikwa na kuhudumiwa. Lakini kikwembe kilichokazwa kiunoni hadi mama ashindwe kupumua kinasukuma chini, na chini ndiko kwenye kidonda. Kifungeni kwa upole, au kiacheni. Kuhusu mawe ya shabu na majani ya kuingiza ukeni ili "kurudi msichana", hatutazunguka: hayo yanakausha ngozi na kuleta vidonda, na msuli hayaufikii. Msuli unakazwa kwa kukaza, hakuna dawa ya sokoni.

Basi tunafanyaje? Mwaka 1948 mganga mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika juu ya mazoezi ya msuli huu, na hadi leo yanaitwa kwa jina lake. Sisi tulifundishwa na kine, mganga wa mazoezi ya viungo, naye akatuanzisha kwa kikwembe. Kisokote kama kamba nene, kiweke kwenye kiti kigumu, ukikalie kama unavyokalia tandiko la baiskeli, kutoka mbele kwenda nyuma. Inama mbele kidogo. Sasa fanya kama unazuia hewa isitoke mbele ya wageni, na wakati huohuo kama unazuia mkojo. Utasikia nyama inajinyanyua kutoka kwenye kikwembe. Huyo ndiye yeye. Kama makalio yamebana, au mapaja yamekazana, au umeshika pumzi hadi macho yanatoka, basi umeamsha majirani na mwenye nyumba bado amelala. Anza tena polepole.

Ukishampata, kaza na hesabu hadi tano, baadaye hadi kumi, ukiendelea kupumua. Kisha achia kabisa, na pumzika muda huohuo au zaidi. Watu wanasahau kuachia. Msuli usioachia haupati nguvu, unapata maumivu tu. Fanya mara 8 hadi 10, kisha kaza na kuachia haraka mara chache kwa ajili ya zile nyuzi za kikohozi. Mara tatu kwa siku: kabla ya kuamka, wakati sombe inachemka, na kabla ya kulala. Usitegemee kitu kwa posho mbili. Hesabu miezi mitatu. Usifanye zoezi hili kwa kukatakata mkojo kila uendapo chooni. Mara moja ili kuutambua msuli inatosha, lakini ukifanya desturi, kibofu kitazoea kubakiza mkojo. Mama aliyetoka kuzaa anaweza kuanza kwa upole baada ya siku chache, kama hasikii maumivu na hana mpira wa mkojo.

Kisha kuna kile ambacho mama yetu anasema kilimsaidia kuliko vyote: kaza kabla. Ukisikia kikohozi kinakuja, kaza kwanza, ndipo ukohoe. Ukitaka kuinua mzigo, karibia nao, piga goti, kaza, toa pumzi, inuka. Pumzi inatoka wakati mzigo unapanda. Mwanzoni alisahau kila mara na akajicheka. Sasa mwili unafanya wenyewe. Anayekohoa zaidi ya posho mbili aende kupimwa kifua, asilaumu moshi wa jikoni tu.

Lakini wapendwa, kuna mambo ambayo mazoezi hayayawezi, na hapa tunaomba msisome haraka.

Kama mkojo unatiririka wakati wote, usiku na mchana, umelala au umekaa, bila kikohozi wala mzigo, hasa baada ya uchungu wa siku nzima au zaidi, hiyo inaweza kuwa fistula. Kichwa cha mtoto kilibana nyama kwenye mfupa muda mrefu hadi nyama ikafa, siku chache baadaye ikadondoka na kuacha tundu kati ya kibofu na uke, au kati ya uke na utumbo. Hapa kwetu Kivu tunajua pia kwamba wengine walitobolewa kwa ubakaji. Tundu halizibwi kwa kukaza. Linashonwa na mganga aliyejifunza kazi hiyo. Anayewahi mapema, tundu likiwa dogo, anaweza kuwekewa mpira wa mkojo na lifunge lenyewe, kwa hiyo asingoje. Bukavu tuna hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na munganga Denis Mukwege, na wa Goma wana HEAL Africa. Hizo zote zinashona fistula.

Kama unasikia kitu kama yai kinashuka ukeni jioni baada ya kazi, mgongo unavuta, au unaona kwa macho nyama imetoka, hicho ni kizazi au kibofu kilichoshuka. Kikiwa kimeshuka kidogo, mazoezi yanasaidia. Kikiwa kimetoka, kuna pete ya kuwekewa ndani ya kukishikilia, na kuna kupasuliwa. Na msuli ulioachia mfupa hautarudi kwa mazoezi, ingawa uliobaki unaweza kuongezwa nguvu.

Wa mwisho ni yule ambaye msuli wake hauachii. Baada ya kutendewa vibaya, au baada ya kidonda kibaya cha uzazi, mwili unajifunga kama ngumi. Mama huyo anaumia akiwa na mumewe, anaumia hata akikojoa. Akiambiwa "kaza, kaza" tunamuumiza zaidi. Yeye anahitaji kufundishwa kuachia, kupumua hadi chini, na mtu wa kumsikiliza bila haraka. Tafadhali, viongozi wa vikundi, msifundishe mazoezi haya kwa kupiga makofi na kushindana. Acheni nafasi kwa atakayenyamaza.

Mama yetu alipimwa. Haikuwa fistula. Msuli ulikuwa dhaifu na kibofu kilikuwa kimeshuka kidogo. Aliambiwa asibebe vitu vizito, na hapo ndipo tulipokwama, kwa sababu kitu kizito ndicho kinacholisha watoto wake. Hatukuwa na jibu la hospitali. Tuliokuwa nalo ni la kikundi: likelemba ilimpa zamu yake mbele, akanunua nusu gunia la unga auze akiwa amekaa, na siku za soko kubwa anabeba mizigo midogo kwa safari mbili badala ya mmoja mkubwa. Anapata kidogo kuliko zamani, na hilo halijaisha. Akipata mafua bado anaweka kitambaa. Lakini miezi minne sasa anakaa kwenye benchi letu, tena katikati, na wiki hii alicheka hadi akashika mbavu.

Siku ya posho, baada ya likelemba, kine atakuwa nasi saa tisa. Kila mmoja aje na kikwembe kimoja cha kukalia, na atakayeweza alete bidoni, tupu. Baba asubiri nje, watoto wadogo waje.